Haki ya Kukataliwa

Kila mwandishi wa habari ambaye jina lake limewahi kutokea gazetini analijua swali hili. Linakuja kwa meseji, mara nyingi usiku: "Kaka, nina hadithi fupi. Naipeleka wapi?" Na wengi wetu tuna jibu moja lililochoka kwa kutumika: "Endelea kuandika, ipo siku milango itafunguka." Ni jibu la adabu. Anayelitoa halimgharimu hata shilingi, na anayelipokea hushukuru. Mimi naona ni jibu la kumwonea mtu, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Swali hili lilinibana Dakawa. Kwa wasiopajua, Dakawa ipo wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma, jirani na Mto Wami. Rika la wazazi wangu wanapakumbuka kwa ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine, Aprili 12, 1984. Madereva wa malori wanapajua kwa mchele. Nilikwenda kuandika habari za bei ya mpunga, nikamkuta dada mmoja wa miaka ishirini na kitu anayeandika mahesabu kwenye mashine ya kukoboa. Alipojua kazi yangu alitoa kaunta buku mbili chini ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya magunia ya wateja. Ya pili ilikuwa ya hadithi.

Moja niliisoma palepale, nimekaa juu ya gunia la pumba. Inamhusu mama anayewapimia watu mpunga mwaka mzima, wakati debe lake mwenyewe nyumbani limetoboka. Ilikuwa na kurasa 22 za mwandiko wa mkono. Mwanzo wake ulikuwa mrefu mno, lakini kuanzia ukurasa wa nane hivi nilisahau kelele za mashine.

Sasa, dada huyu alikuwa na swali kali kuliko lile la "naipeleka wapi". Alishaipeleka. Alipiga picha kurasa zote kwa simu, akazituma kwa kampuni moja, ambayo sitaitaja, inayotangaza kwamba inakusanya kazi za waandishi chipukizi. Wakamjibu kwamba hadithi ni nzuri sana, itaingia kitabuni, atapata nakala tano na cheti. Alitakiwa achangie laki mbili na nusu tu. "Wameipenda, kaka," akaniambia. "Walijibu siku hiyohiyo."

Siku hiyohiyo! Kurasa 22 za mwandiko wa mkono, zilizopigwa picha kwa simu ya kioo kilichopasuka.

Sitaki kuwahukumu wote wanaolipisha. Uchapaji una gharama, karatasi ina bei, na mtu anayetaka kujichapishia kitabu chake kwa pesa yake ana haki hiyo kama mwenye kujenga nyumba yake. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Ukimlipa mpiga chapa, unanunua kazi ya mashine na wote wawili mnajua hivyo. Ukimlipa mtu ili "akukubali", unanunua kitu ambacho hakinunuliki. Kukubaliwa kuna maana pale tu ambapo kukataliwa kuliwezekana. Anayeishi kwa ada yako hana uwezo wa kukukataa, kwa hiyo "ndiyo" yake haikuambii chochote kuhusu hadithi yako. Inakuambia kwamba namba yako ya simu inapatikana.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba tunawadai wenye majarida kitu kisicho sahihi. Tunalalamika kwamba hakuna pa kuchapishwa. Ni kweli, lakini kinachokosekana kwanza ni pa kukataliwa. Mwandishi mpya ana haki ya kusomwa mpaka mwisho na mtu asiyemjua, asiyemdai, asiye shangazi yake, na mtu huyo aweze kusema hapana.

Tuangalie hali ilivyo. Ushairi wa Kiswahili ulibahatika mapema. Mambo Leo, jarida lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni hapa Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliopita humo. Magazeti yaliyofuata yaliendeleza desturi ya ukurasa wa mashairi. Karani wa posta, mwalimu, askari, yeyote yule angeweza kutuma beti zake na kuziona zimechapwa. Sababu moja ni heshima ya ushairi kwetu, lakini nyingine ni ya kawaida kabisa: nafasi. Beti sita zinaingia kwenye kona ya ukurasa. Hadithi ya maneno 3,000 inakula ukurasa mzima, na ukurasa mzima ni tangazo lililokosekana.

Hadithi ndefu zilipata mlango wao kupitia mfululizo. Magazeti pendwa ya miaka ya 1990 na 2000 yaligundua kwamba msomaji aliyeachwa njia panda Ijumaa atanunua tena Ijumaa inayofuata. Lakini tazama nani waliofanikiwa: Eric Shigongo alikuwa na kampuni yake ya magazeti, na kabla yake Ben Mtobwa alianzisha Heko, akachapisha vitabu vyake mwenyewe. Yaani kibongobongo, ushauri bora kwa mtunzi ulikuwa aanzishe kampuni.

Hadithi fupi ikabaki mtoto wa kambo. Sisi tuliosoma sekondari Tanzania tulifundishwa riwaya, tamthilia na ushairi. Kenya wao wanatahini hadithi fupi, ndiyo maana wanafunzi wao wanazijua Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba kama sisi tunavyoijua Takadini. Palipo na mtihani pana soko, na palipo na soko wachapishaji wanakusanya hadithi. Tatizo ni kwamba mkusanyiko wa shule huwatafuta kwanza waliokwisha kujulikana. Binti wa mashine ya kukoboa hamo.

Vipi kuhusu tuzo? Zipo, na nampongeza kila aliyezianzisha. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili inataka kitabu kizima au mswada wake. Kwa hadithi moja moja, mlango ninaoujua ulio wazi kwa Kiswahili ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina ada ya kushiriki, inataka hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 ambayo haijachapishwa popote, na inapokea Kiswahili pamoja na lugha nyingine kadhaa. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, mshindi wa jumla 5,000.

Hilo la "haijachapishwa popote" lilinishtua pale Dakawa. Maana yake, dada angelipa laki mbili na nusu, hadithi ya mama na debe ingeingia kwenye kitabu ambacho wangekisoma waliochangia tu, na tangu siku hiyo isingeruhusiwa kushiriki tuzo hiyo wala kupelekwa kwenye majarida mengi. Sheria hiyohiyo huwanasa wanaotupia hadithi nzima Facebook: majarida mengi huhesabu kwamba imeshachapishwa. Chipukizi wengi hawaambiwi hili. Hadithi inatumika mara moja kama kiberiti.

Lakini hata tuzo iliyo safi haiwezi kufanya kazi ya jarida. Hiyo ya Jumuiya ya Madola siku hizi hupokea hadithi zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Huwezi kudai kwamba kila mmoja ajibiwe alipokosea. Unatuma, unasubiri, jina lako halimo, basi. Hujui kama uliishia mlangoni au ulibakiza hatua moja. Kimya cha namna hiyo ni tofauti na kukataliwa. Aliyekataliwa ana kitu mkononi. Aliyenyamaziwa hujaza mwenyewe ile nafasi, na kwa kawaida huijaza na jibu baya kuliko yote: sina kipaji, au wanapeana wenyewe kwa wenyewe.

Kuna watakaosema hadithi za WhatsApp zimemaliza tatizo. Nimekaa kwenye makundi hayo, nimelipia sehemu ya pili na ya tatu kama wengine, na siyadharau. Yamewapa wanawake wengi wasomaji, na kipato pia. Ila msomaji wa kundini ana majibu mawili tu: "tuendelee" au kuondoka. Hakuna anayemwambia mtunzi kwamba hadithi yake ilianza ukurasa wa nane.

Anayeandika Kiingereza, au aliye tayari kuhamia huko, ana njia zaidi. Lolwe iliyoanzishwa na Mkenya Troy Onyango mwaka 2020, Doek! ya Namibia, na mengine. Hayakosi matatizo: Enkare Review ya Nairobi ilizaliwa 2016 kwa kishindo na haikufikisha miaka mitano. Majarida mengi ya Marekani hutoza ada ya kusoma ya kama dola 3, na mjadala kuhusu uhalali wake hauishi. Mimi naiona ni mbaya lakini si ya aina moja na ile laki mbili na nusu, kwa sababu aliyelipa dola 3 bado anaweza kukataliwa, na mara nyingi hukataliwa.

Nimewahi kusikia wenzangu wakiwashauri vijana wahamie Kiingereza "kwanza", Kiswahili watarudi baadaye. Wanamtaja Gurnah. Lakini Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana na ameishi Uingereza karibu maisha yake yote ya uandishi. Tafsiri ya Paradise kwa Kiswahili, Peponi, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel. Mtu wa Dakawa anayeota kwa Kiswahili akiambiwa ahame lugha ili apate mhariri, hiyo ni kodi ambayo mwenzake wa London hatozwi. Jalada walionyesha njia nyingine mwaka 2016, walipochapa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa Kikuyu pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Ila hata hapo, angalia, jina lilikuwa la Ngũgĩ.

Na Ngũgĩ mwenyewe alianza vipi? Amelieleza: akiwa mwanafunzi Makerere alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyehusika na jarida la idara ya Kiingereza, Penpoint, akamwambia ameandika hadithi, je, atamsomea? Ukweli ni kwamba alikuwa hajaimaliza. Kwa kuwa ameshajitia kitanzi ilibidi aende akaiandike, Kariara akaisoma, na ikachapwa Penpoint mwaka 1960. Watu hupenda kisa hiki kwa sababu ya ule ujanja. Mimi nampenda Kariara. Alikuwa na masomo yake, mitihani yake, na bado alikuwepo mtu wa kusimamishwa njiani.

Nirudi Dakawa kwa njia ya mzunguko kidogo. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 palikuwa na makazi ya ANC hapo, ndugu wa ile shule ya Mazimbu, na Waafrika Kusini waliishi, walifuma na kuchora hapo mpaka walipoanza kurudi kwao. Kiwanda chao cha sanaa na ufumaji kilihamia Grahamstown na jina lake lilelile: Dakawa. Kwao, mwaka 1978, kulianzishwa jarida la Staffrider, lililochapishwa na Ravan Press ya Johannesburg. Jina ni la wale vijana wanaoning'inia nje ya treni bila tiketi. Serikali ya makaburu ililipiga marufuku toleo la kwanza. Lakini kinachonivutia ni msimamo wao wa mwanzo: hawakutaka mhariri wa kati anayechuja. Vikundi vya waandishi vya mitaani vilichagua vyenyewe kazi za kutuma, na jarida likazipokea. Hoja yao ilikuwa nzito: wewe ni nani, mwenye ofisi na elimu ya chuo, umwambie mtu wa Soweto hadithi yake haifai?

Hiyo ndiyo hoja kali zaidi dhidi yangu, na siwezi kuikwepa. Anayekataa ana mamlaka, na mamlaka yana ladha, kabila, tabaka na jiji. Mhariri wa Dar anaweza asione uzuri wa hadithi inayojua tofauti ya mpunga wa SARO na wa kienyeji. Naikubali hatari hiyo. Lakini soma kilichotokea baadaye. Mwaka 1984, ndani ya kurasa za Staffrider hiyohiyo, Njabulo Ndebele aliandika makala akianzia kwenye hadithi za Mturuki Yashar Kemal. Aliwaambia waandishi wenzake kwamba hadithi nyingi zao zinatoa taarifa tu za ukandamizaji ambao msomaji tayari anaujua, na kwamba wamemsahau mtu wa shamba na namna yake ya kusimulia. Ilikuwa hapana kubwa, imeandikwa na mmoja wao, aliyewasoma wote. Jarida lililoanza kwa kukataa kukataa likatoa moja ya hukumu zilizosaidia sana fasihi ya nchi ile. Sidhani ni kwa bahati. Watu wakishaheshimiana kiasi cha kusomana, ukweli hauna budi kufika.

Wala kukataa si kitu kigeni kwetu. Msimulizi wa hadithi za usiku huanza kwa kuomba ruhusa, na wasikilizaji ndio wanaoitoa. Akiboa, watoto wanasinzia na bibi mwingine anadakia. Hata pale Dakawa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, hupandwa mistari mingi ya mbegu za mpunga na mingi hutupwa kabla mmoja haujafika kwa mkulima. Sijasikia mtu akisema watafiti wale wana chuki na mpunga.

Swali gumu ni la deni. Haki isiyo na mdaiwa ni maneno matupu. Nikisema dada wa mashine ana haki ya kusomwa, nani anadaiwa? Serikali? Ikifanya vizuri itatoa tuzo, nayo imetoa. Wachapishaji? Wao wanaishi kwa vitabu vya shule, na kuwalazimisha kupoteza pesa hakuwezekani kwa hotuba. Wahariri wa kujitolea ndio tunaowachosha kwanza. Kumtaka mtu asiyelipwa asome hadithi mia tatu na kuandika maoni mia tatu ni unyonyaji uliovaa kanzu ya sanaa, na majarida mengi yamekufa hivyo.

Mimi naona wadaiwa ni sisi tuliokwisha kusomwa. Kazi yangu nzima imejengwa na watu waliokata aya zangu. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akirudisha habari na neno moja pembeni: "Halafu?" Hakuna aliyenitoza. Deni la namna hiyo hulipwi aliyekupa; hulipwa anayefuata. Na nyinyi mnaosoma makala za vitabu mpaka hapa mlipofika, mnaoweza kusema kwa nini sura ya tatu ya riwaya fulani inalegea, mmo kwenye orodha hiyo pia.

Dada nilimwambia asilipe, na nikamwambia kuhusu kurasa saba za mwanzo. Za kutolipa alinielewa haraka. Za kurasa saba alinikatalia: alisema bila hizo msomaji hatajua debe lilitobokaje. Huenda yuko sahihi. Tulibishana mpaka lori la Dodoma likaja kupakia.

Nimepiga hesabu, maana mwandishi wa habari za mazao huwa hawezi kujizuia. Chukua jarida dogo la Kiswahili, hadithi mbili kwa toleo, mara nne kwa mwaka, la PDF kwa kuanzia ili lipite kwenye simu. Hadithi nane. Tuseme zinakuja 200. Zote 200 zisomwe mpaka mwisho, na zile 192 zinazorudi zirudi na mistari mitatu iliyoandikwa na binadamu. Nusu saa kwa kila moja ni saa 100. Wakigawana wasomaji watano, ni saa 20 kila mmoja kwa mwaka, chini ya nusu saa kwa wiki. Msomaji wa kwanza nimeshajiandikisha mimi. Nahitaji wanne.